Mdogo Anayelindwa, Mdogo Anayeshinda

Wajapani walikuja Katanga kutafuta shaba. Mwaka 1972 kampuni ya Sodimiza, chini ya Nippon Mining, ilianza uzalishaji Musoshi, karibu na Kasumbalesa, na mamia ya Wajapani waliishi huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka hiyohiyo nchi yao ilikuwa ikijenga utajiri mwingine: mapenzi ya vitu vidogo vya kupendeza, wanayoyaita kawaii. Mwaka 1974 Heidi, msichana wa katuni, alionekana kwenye televisheni ya Japani na kampuni ya Sanrio ikabuni mhusika Hello Kitty. Candy, msichana mwingine wa katuni, akafuata mwaka 1976. Njia ya wahusika hao wa katuni ya kuja Afrika haikuwa Musoshi, ilikuwa Paris. Mwaka 1978 roboti Goldorak na Candy walianza kusema Kifaransa kwenye televisheni ya Ufaransa, Antenne 2, na lugha hiyo ikawafungulia Afrika inayozungumza Kifaransa.

Mapenzi hayo yana mizizi mirefu. Yapata mwaka 1000, Sei Shonagon, bibi wa ikulu ya Japani, aliorodhesha vinavyouyeyusha moyo: kinda la shomoro, uso wa mtoto uliochorwa juu ya tikiti. Karne ya 20 iliyapa mapenzi hayo macho makubwa. Mchoraji Osamu Tezuka, aliyezihusudu filamu za Walt Disney, alianza kurusha katuni ya Astro Boy tarehe 1 Januari 1963. Kila wiki kilitakiwa kipindi kipya, na fedha zilikuwa haba. Michoro ikapunguzwa, mwili ukatulia, na jicho likabeba furaha na majonzi yote. Mapema zaidi, mwaka 1943, mtaalamu wa tabia za wanyama Konrad Lorenz alikuwa ameeleza kwamba paji pana, macho makubwa na mashavu ya mviringo humfanya mtu mzima atake kulinda.

Huku kwetu mdogo anapendwa kwa sababu nyingine. Mtoto wa Kasungami, katika komuni ya Annexe inayouzunguka mji wa Lubumbashi, anamjua Kalulu, sungura wa hadithi za Wabemba na Waluba. Kalulu haombi ulinzi. Anawashinda wenye nguvu kwa akili. Katika miaka ya 1950 padri Mbelgiji Alexandre Van den Heuvel alimtia ndugu yake, swala mdogo Mboloko, katika filamu za katuni. Mwaka 1991 Jean-Michel Kibushi, Mkongo mwenyewe, akamletea chura filamu yake, akisafiri kwenda kwa wakwe. Na mjini Lubumbashi, tangu karakana ya uchoraji ya Le Hangar ya mwaka 1946, mchoraji Pilipili Mulongoy aliwachora ndege na samaki kwa mistari laini mno, huku nyoka akiwanyemelea. Uzuri wa Katanga haumfichi adui.

Ndiyo maana Pikachu, kiumbe wa katuni za Japani aliyeingia kwenye televisheni mwaka 1997, anaeleweka upesi huku: ni mdogo, ana mashavu mekundu, na ana umeme. Ndani yake mdogo wa kulindwa na mdogo wa kushinda wamekuwa mmoja. Vijana wetu wanaochora wasiishie kunakili macho ya Tokyo. Jicho la Tezuka litamfanya mtazamaji amhurumie Kalulu. Akili ya Kalulu itamfanya amheshimu. Mtoto wa Kasungami anastahili shujaa anayempa vyote viwili, huruma na heshima, akizungumza Kiswahili cha nyumbani kwake.