Gazeti Lilipokosea, Bibi Akasema Kweli

Jumapili ya tarehe 27 Juni 2004, gazeti la Sunday Standard la Nairobi lilimtangaza Barack Obama kuwa mzaliwa wa Kenya aliye tayari kuingia Seneti ya Marekani. Habari yenyewe ilitoka kwa shirika la Associated Press, ambalo halikuandika popote kwamba Obama alizaliwa Kenya. Maneno hayo yaliongezwa humu humu nchini, kwenye kichwa cha habari. Sidhani kulikuwa na hila. Huku Nyanza, alikotoka baba yake Obama, mtoto ni wa dala, yaani boma, ya baba yake, hata akizaliwa ng'ambo ya bahari, na anayeandika kichwa cha habari huku saa zikimkimbia huandika kama watu wanavyosema mtaani.

Miaka minne baadaye Obama aligombea urais, na kwa katiba ya Marekani rais lazima awe raia kwa kuzaliwa. Kichwa kile kikafufuliwa na kugeuzwa ushahidi. Kikaleta taabu mahali ambapo mhariri wake wa 2004 hakupafikiria kabisa: Wikipedia, ensaiklopidia ya mtandaoni iliyoanza Januari 2001 na kuandikwa na watu wa kujitolea, wengi wao wasiojuana hata kwa sura.

Watu hao wana sheria ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mhariri haandiki anachokijua. Anaandika kilichokwisha kuchapishwa na chanzo kinachoaminika, na kuonyesha mahali kinaposomeka. Wakitofautiana, huenda kwenye ukurasa wa majadiliano ulio nyuma ya kila makala na kubishana hadi wasikilizane. Kura hazihesabiwi kama za uchaguzi. Anayefuta kazi ya mwenzake zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa. Likishindikana kabisa, lipo baraza la usuluhishi, ambalo Juni 2009 lilitoa uamuzi kuhusu kurasa za Obama kwa jumla. Lakini baraza hilo haliamui nani anasema kweli. Linaamua nani amevunja adabu ya majadiliano.

Sasa tazama mtego wenyewe. Kwa sheria hizo, gazeti la Nairobi lilikuwa na sifa zote: ni kubwa, lina wahariri, limechapishwa. Bibi kizee wa kijiji cha Kogelo hakuwa na hata moja.

Na bibi huyo aliulizwa. Oktoba 2008 mhubiri mmoja wa Marekani alimpigia simu Mama Sarah Obama, mke wa babu yake Barack, wakazungumza kupitia wakalimani. Katika sehemu iliyosambazwa mtandaoni, anasikika kana kwamba anakubali kuwa alikuwepo mjukuu wake alipozaliwa. Ukiisikiliza rekodi nzima, mara tu swali linapofafanuliwa, jibu linarudi bila kuyumba: mtoto alizaliwa Hawaii, baba yake alikokuwa akisoma. Waliosambaza kipande walikuwa wameikata simu kabla ya jibu hilo.

Kilichotatua mzozo si ukubwa wa chanzo. Ni swali ambalo mzee yeyote wa Gem au Kano angeuliza kabla ya kukubali hadithi: wewe ulisikia kwa nani? Ukifuata kichwa cha 2004 kurudi kilikotoka, unafika kwa Associated Press na maneno yale huyaoni. Ukifuata upande wa pili, unakuta cheti cha kuzaliwa cha Hawaii, na magazeti mawili ya Honolulu yaliyotangaza kuzaliwa kwake Agosti 1961, siku chache baada ya tukio, wakati mtoto huyo hakuwa na faida kwa mwanasiasa yeyote. Kwa hiyo ukurasa wa Obama ukabaki na Honolulu, na uvumi ukapewa ukurasa wake peke yake, ukielezwa kama uvumi.

Kuna kisa kingine cha Machi 2009 ambacho hunichekesha. Tovuti moja ya habari ya Marekani ililalamika kwamba mtumiaji fulani alifungiwa siku tatu kwa kuingiza madai kuhusu uraia wa Obama kwenye ukurasa wake wa Wikipedia. Ikaja kujulikana kuwa mtumiaji mwenyewe alikuwa akifanya kazi na mwandishi wa habari ile. Mtu amejipikia chanzo, kisha akakinukuu.

Wanahistoria walikuwa wameujua ugonjwa huo kabla ya kompyuta. Bethwell Ogot wa Gem, aliyefariki Januari 2025, alitembelea wazee wa koo za Kijaluo, akalinganisha nasaba zao, akahesabu vizazi, na mwaka 1967 akatoa kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini. Walikuwepo wasomi wa Ulaya waliokataa kwamba maneno ya mdomo ni chanzo. Msomi mwingine, David Henige, alionya mwaka 1974 kwamba mapokeo nayo hula maandishi. Kwetu, mzee anayekusimulia mila leo huenda anarudia alichosoma katika kitabu cha Paul Mboya cha 1938 kuhusu mila za Waluo. Ogot hakumwamini mzee mmoja peke yake. Aliyapeleka maneno yake kwa jirani, kisha kwa hasimu.

Hapa Kisumu kwenyewe tuna swali la namna hiyo ambalo bado halijajibiwa. Reli ilifika ziwani Desemba 1901 na kituo kikaitwa Port Florence. Florence yupi? Masimulizi mengi yanamtaja Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli, na kwamba yeye ndiye aliyegongea msumari wa mwisho. Mengine yanasema ni Florence wa George Whitehouse, mhandisi mkuu wa reli nzima. Wanawake wawili, jina moja, waume wawili kwenye reli ile ile. Tovuti zinazonakiliana haziongezi ushahidi, hata zikifika mia. Chanzo kimoja kilichorudiwa mara mia ni kimoja.

Desturi ya wahariri penye mzozo wa aina hii ni kuyaweka masimulizi yote mawili, kila moja na aliyelisema. Wikipedia ya Kiswahili imekuwepo tangu 2003 na ukurasa wa majadiliano kuhusu Kisumu uko wazi kwa yeyote. Kama babu yako alifanya kazi ya reli na kuna barua, picha yenye maandishi nyuma au daftari ndani ya sanduku la nyumbani, lifungue. Ukija, njoo na mwaka, jina la aliyeandika na nambari ya ukurasa.