Somo la Historia: Moshi ya Zamani na Mangi Meli

Ninyi mlioketi darasani na karatasi hii mkononi, someni polepole pamoja na mwalimu wenu. Neno likiwashinda, lirukeni, mtalirudia baadaye.

Leo tunapanda mlima kidogo. Ukisimama mjini Moshi na kuuelekeza uso wako Kibo, utaona migomba na miti imeshonana huko juu. Huko ndiko Old Moshi, yaani Moshi ya zamani. Mji huu wa tambarare ni mtoto tu. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na mji ukakua kando ya reli. Jina likashuka, kijiji kikabaki mlimani.

Labda utaniuliza, "Mwalimu, habari za watu ambao hawakuandika tutazijuaje?" Tutazijua kwa wazee, na tutazijua kwa ardhi. Tazama mfongo. Mfongo ni mfereji unaotoa maji mtoni, huko juu karibu na msitu, na kuyaleta vihambani. Kazi yake si rahisi. Mteremko ukizidi, maji hukata udongo. Ukipungua, maji husimama na kujaa tope. Wachimbaji wa zamani hawakuwa na vyombo vya kupimia. Walitumia macho na kujaribu, na maji yakapita ubavuni mwa makorongo mpaka yakafika. Ukoo uliochimba ulikuwa na haki juu ya mfongo wake, na watu walipewa maji kwa zamu. Asiyekuja siku ya kusafisha alitozwa au alinyimwa maji. Kwa hiyo ukijua nani alichimba mfongo gani, umejua ni koo zipi zilikaa wapi.

Ardhi ina mambo ya zamani zaidi. Mlimani yameokotwa mabakuli yaliyochongwa kwa mawe. Mabakuli ya namna hiyo yamechimbuliwa pia katika Bonde la Ufa nchini Kenya, penye makao ya wafugaji wa kale, waliokuwako kabla watu wa huko hawajajua chuma. Basi mlima ulikuwa na wenyewe kabla ya koo za leo. Jembe lako likigonga kitu kama hicho, tafadhali usikitie mfukoni. Kiache palepale, uwaite wanaohusika. Bakuli lililohamishwa limepoteza nusu ya habari zake, maana mtaalamu husoma udongo ulio chini yake na mkaa ulio kando yake.

Yako pia mashimo marefu yaliyochimbwa chini ya ardhi. Wachagga waliyachimba ili kujificha wakati wa vita, wao na ng'ombe wao. Huko Marangu unaweza kuingia ukaona. Vita havikuwa na Wamasai peke yao. Mangi wa Kibosho na Mangi wa Moshi walipigana mara nyingi, na hilo tusilifiche.

Sasa tuje kwa Mangi Rindi. Watu wa pwani na Wazungu walimwita Mandara. Mwaka 1871 alimkaribisha mmisionari Charles New, ambaye alipanda mlima akafika penye theluji. Mwaka 1885 Rindi alitia mkono mkataba na Wajerumani. Alipokufa mwaka 1891, mwanawe Meli alishika utawala akiwa kijana.

Meli hakukubali kuamriwa nyumbani kwake. Juni 1892 Wajerumani walipanda kumpiga, naye akawashinda. Mkubwa wao, von Bülow, aliuawa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa na mizinga, na Moshi ikashindwa. Meli aliachiwa umangi, lakini chini ya boma la Wajerumani.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa hapo Old Moshi, pamoja na watu wengine 18. Miongoni mwao walikuwako Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Walishtakiwa kwamba wamefanya shauri la kuwaasi Wajerumani. Mti wa kunyongea wazee huwaonyesha wageni hata leo.

Mambo hayakuishia hapo. Wazee husimulia kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kwa Mchagga wa zamani, mzee huzikwa katika kihamba chake, na masale yakapandwa. Fikiri basi, ndugu msomaji, ukoo ambao kaburi la mkubwa wao halina kichwa! Wajukuu wamekitafuta miaka mingi. Ni kweli kwamba Wajerumani walikusanya mafuvu mengi ya watu wa huku, wakayaweka Berlin. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba baadhi ya mafuvu hayo ni ya watu wa Kilimanjaro ambao jamaa zao wako hai. La Meli halikuonekana katika vipimo hivyo.

Kazi yenu ya nyumbani ni hii. Mwulizeni mzee mmoja jina la mfongo ulio karibu nanyi, na nani aliuchimba. Andikeni sentensi tatu, mje nazo darasani. Kwaherini.