Tewa na Chewa: Historia ya Sauti Katika Jina la Mahali Huko Shanzu

Kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, baada ya kupita Bamburi na kabla ya kuvuka mkono wa bahari wa Mtwapa, ipo Shanzu. Huko jina la Shimo la Tewa limepewa gereza na shule ya sekondari. Mgeni aliyefundishwa Kiswahili sanifu hulielewa neno la kwanza, akakwama katika la mwisho. Akilitafuta katika msamiati wa shuleni asilipate, huenda akadhani kwamba ni jina la mtu, au kosa la mwandishi wa kibao. Sivyo. Tewa ni jina la Kimvita la samaki aitwaye chewa katika Kiunguja na katika lugha sanifu: samaki wa miambani, mwenye kinywa kipana, akaaye katika mapango ya matumbawe akivizia windo. Kwa mvuvi, basi, shimo na tewa ni maneno yaendayo pamoja.

Tofauti ya t na ch haikuhusu neno hili peke yake. Msemaji wa Kimvita husema mato, teka, mtanga na tini pale ambapo msemaji wa Kiunguja husema macho, cheka, mchanga na chini. Ni rahisi kukata shauri kwamba kila ch ya Unguja hugeuzwa t Mombasa, lakini ushahidi unakataa. Chakula, chombo na chuo huanza kwa ch katika lahaja zote mbili.

Sababu yake ni ya kihistoria. Ch ya chakula na chombo ilitokana na kiambishi ki- kilipokutana na irabu. Ch ya macho na mchanga ina asili nyingine: ni konsonanti ya Kibantu cha kale ambayo wanaisimu huiandika *c, nayo ilishika njia mbalimbali. Katika Kigiriama, lugha jirani ya Kimijikenda, ilikuwa ts, kama katika matso na tseka. Katika Kimvita ilikuwa t itamkwayo kwa ncha ya ulimi kugusa meno. Katika Kiunguja ilikuwa ch, ikachanganyika na ile ch ya ki-. Kwa hiyo Kimvita kimehifadhi tofauti ambayo Kiunguja kimeipoteza. Kitwa cha Kimvita, yaani kichwa, kina historia ya tatu: humo t ndiyo ya kale, na ch ilizuka Unguja mbele ya w. Hata lugha sanifu ina kutwa pamoja na machweo.

Mtafiti aanzaye na umbo sanifu hukutana na maneno mengi yaliyovaa sura moja. Yuko chewa wa baharini. Kuna chewa iliyo kauli ya kutendwa ya kitenzi -cha, yaani kuogopa kwa heshima, kama katika mcha Mungu. Kuna tena -cha ya alfajiri, ambayo ndiyo asili ya chelewa. Nje ya pwani wako Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji, ambao lugha yao ilifanywa lugha ya taifa nchini Malawi mwaka 1968 kwa jina la Chichewa. Hawa na samaki wa Shanzu hawaunganishwi na kitu ila herufi tano. Mkanganyiko hutokea upande wa pili pia: teka ya Mombasa, yaani kucheka, huandikwa sawa na teka ya kuchota maji, kwa kuwa tahajia sanifu haina alama ya kuitenga t ya meno na t ya ufizi.

Hali hii ina chanzo kinachojulikana. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliegemea Kimvita katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1882. Steere, aliyefanya kazi Unguja, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiunguja mwaka 1870. Mkutano wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na mkutano huo ulifanyika Mombasa kwenyewe. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo, mtoto wa Mombasa aandikaye mato darasani huhesabiwa kuwa amekosea.

Mwalimu hana budi kufundisha lugha sanifu. Lakini kumwambia mtoto huyo kwamba amelivunja neno macho ni kumfundisha jambo lisilo kweli, kwani mato na macho ni ndugu waliotoka katika mzizi mmoja, wala hapana aliye mzazi wa mwenziwe. Vivyo hivyo, atakayelisahihisha jina la Shimo la Tewa liwe Shimo la Chewa atakuwa amefuta ushahidi ambao majina ya mahali huutunza hata baada ya wasemaji kubadili lugha yao. Inafaa majina ya Shanzu, Mtwapa na Kisauni yakusanywe kwa matamshi ya wenyeji wake kabla hayajapita katika mikono ya wasanifishaji.