Bert Shankland: bingwa wa matope tuliyemsahau

Wadau, muulize mpenzi yeyote wa mbio za magari akutajie magwiji wa Safari Rally. Ataanza na Joginder Singh, atakuja Shekhar Mehta, halafu ataishiwa. Bert Shankland hamtaji, wakati huyu bwana alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akitokea hapa hapa Tanzania.

Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi nchini. Msoma ramani wake alikuwa Chris Rothwell, na gari lao Peugeot 404 ya injekta. Usifikirie lile gari la michezo la milango miwili lililolala chini kama kobe. Ni Pijo ya milango minne, ndugu moja na zile zilizobeba wakubwa wa serikali.

Mashindano yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Enzi za Shankland yalifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Barabara hazikufungwa, kwa hiyo ukiwa kasi unakutana na lori, basi au kundi la ng'ombe.

Kama umewahi kutoka Mikumi kwenda Kilosa kwa njia ya vumbi mvua zikiwa zimekolea, unajua ninachosema. Udongo unageuka sabuni, korongo lililokuwa kavu asubuhi jioni ni mto. Sisemi Shankland alishindia hapo. Nasema barabara za namna hiyo ndizo zilizokuwa shule ya madereva wa huku. Timu za viwanda vya Ulaya zilikuja na fedha na mafundi, zikachemsha. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na 1968 tena 7. Mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipochukua ubingwa 1972, hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyewahi kushinda.

Sasa kwa nini tumemsahau? Tazama tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. Ushindi wa pili wa Shankland ulikuja Pasaka hiyo hiyo, wiki chache baadaye. Nchi inazungumzia jembe na kujitegemea, nani atamfundisha mtoto wa shule pale Kilosa kumshangilia Mzungu ndani ya gari la Kifaransa? Naelewa kabisa. Lakini kwangu mimi alikuwa wetu. Gari lilitoka Ufaransa, ila ujuzi wa kulitoa kwenye tope aliupata huku, na huo hauuzwi dukani.

Hakuishia hapo. Mwaka 1971 alimaliza wa tatu na Peugeot 504, nyuma ya Datsun mbili za Edgar Herrmann na Mehta. Baada ya hapo mashindano yenyewe yakaanza kusinyaa. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa 1977, Safari ilikuwa tayari imebaki ndani ya Kenya, na hadithi zake zikawa zinasimuliwa Nairobi.