Soko Likifungwa, Kikao Pia Huvunjika

Wasee, siku hizi maofisi yanapeleka wafanyakazi hotelini wavute kamba ndio wazoeane. Sawa tu. Hapa Maua wanaofunga miraa walizoeana kitambo bila kamba. Kazi yenyewe inawalazimisha: miraa haikai, kwa hivyo mnakaa pamoja, mnafunga mbio mbio kwa majani ya mgomba, na stori zinaendelea. Mwenzao akifiwa, mchango unaanzia hapo hapo kabla gari halijatoka kwenda Nairobi.

Halafu Uholanzi ikapiga marufuku miraa Januari 2013, Uingereza ikafuata Juni 24, 2014. Machi 2020 Somalia ikasimamisha ndege za miraa, hadi Julai 2022. Kila mara tulijadili hasara ya mkulima na pesa za kigeni. (Haki yake, sibishi.) Lakini yule wa kibarua alipoteza riziki, tena akapoteza watu wa kuuliza mbona leo hajafika.

Mimi ningeanzia kwa hivyo vikundi vya mchango. Visajiliwe; Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 ipo. Kikundi chenye kitabu na mweka hazina kinaweza kukutana hata wiki ambayo hakuna miraa ya kufunga.