Gobori na Bunduki ya Viasi: Uwindaji wa Tembo katika Eneo la Lado na Suala la Istilahi za Silaha

Utangulizi

Omugo iko kaskazini mashariki mwa mji wa Arua, katika nchi ya Walugbara wa Terego. Tangu mwaka 2017 jina lake limejulikana zaidi kwa sababu ya makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini yaliyofunguliwa huko. Karne moja na ushei kabla ya hapo, ardhi hiyo, pamoja na Koboko, Arua na ukingo wa magharibi wa Mto Nile, ilikuwa sehemu ya eneo la Lado ambalo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alilikodi kutoka kwa Waingereza kwa mkataba wa tarehe 12 Mei 1894. Katika vitabu vya uwindaji vya Wazungu eneo hilo lina sifa ya pekee: tembo walikuwa tele na serikali ilikuwa mbali.

Mashujaa wa vitabu hivyo karibu wote wameshika bunduki za viasi, yaani zile zinazojazwa risasi kwa nyuma. Bunduki ya kushindilia kwa mbele, ambayo Waswahili huiita gobori, hutokea pembeni mwa simulizi, aghalabu mikononi mwa watu wasiotajwa majina. Makala hii inadai kwamba mpaka kati ya mwindaji na jangili katika eneo la Lado uliwekwa kwanza juu ya silaha, kabla ya kuwekwa juu ya mnyama au tendo lenyewe. Na kwamba Kiswahili kimehifadhi maarifa ya silaha hiyo kwa usahihi ambao sheria, za zamani na za leo, hazikuufikia.

Msamiati wa mtambo

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa kusikiliza lugha. Msemaji wa Kiswahili wa karne ya 19 hakuwa na neno moja tu la bunduki. Alikuwa na bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi; bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche; na bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake hupiga kifuniko kidogo cha baruti kali. Hizo za kushindilia, hasa mbili za mwisho, zilikusanywa chini ya jina gobori. Kisha ikaja bunduki ya viasi. Sehemu nazo zilikuwa na majina: kasiba ni bomba la kutolea risasi, mdeki ni fimbo ya kushindilia, marisau ni chembe ndogo za risasi, kalibu ni chombo cha kusubia popoo. Hata neno risasi lenyewe, lililotoka Kiarabu, lilitaja kwanza madini na baadaye ndipo likataja kitu kinachoua.

Msamiati huu ni wa watu waliotumia mikono. Kiasi, kwa mfano, maana yake ni kipimo. Mwenye gobori alipima baruti yake mwenyewe kila mara: ikizidi, kasiba ingeweza kupasuka usoni pake, ikipungua, popoo ilikwama katika ngozi ya mnyama. Bunduki ya viasi iliitwa hivyo kwa kuwa kipimo kilikwisha kupimwa kiwandani. Jina linaeleza kilichobadilika kwa ufupi kuliko kurasa nyingi za vitabu vya silaha.

Kwa mnyama mkubwa, tofauti hiyo ilikuwa ya uhai na kifo. Popoo ya risasi laini hubonyea inapokutana na mfupa wa kichwa cha tembo, ambao ni mnene na wenye vijishimo kama sega la nyuki. Kwa hiyo mwenye gobori alilenga nyuma ya bega, kwenye mapafu na moyo, akiwa umbali wa hatua chache tu, na aliutazama upepo kuliko alivyoitazama shabaha. Baada ya mlio, moshi mzito ulimficha yeye na tembo pamoja. Kushindilia upya kulichukua nusu dakika au zaidi hata kwa mzoefu, ilhali tembo aliyejeruhiwa hukata hatua thelathini kwa sekunde chache. Ndiyo maana wawindaji wa gobori walipendelea kwenda kikundi na kufyatua pamoja, kisha kufuata damu hata kwa siku nzima. Katika misitu ya Kongo na Gaboni wapo waliotatua tatizo la risasi laini kwa kutia mkuki wa chuma ndani ya kasiba na kuufyatua ukiwa karibu kumgusa mnyama.

Ugumu huu haukuchagua rangi ya mtu. Samuel Baker, aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki ya kushindilia iliyotupa kombora la nusu ratili, na kwa maelezo yake mwenyewe iliweza kumzungusha mpigaji mahali aliposimama. Aliiogopa, akaitumia kwa nadra. Frederick Selous, mwanzoni mwa miaka ya 1870 kusini mwa Afrika, alichota baruti kwa kiganja kutoka mfuko wa ngozi huku akikimbia, akaishindilia juu yake popoo ya wakia nne. Baadaye aliandika kwamba mapigo ya bunduki hizo yalimharibia utulivu wa mishipa, na kwamba alijuta kuzitumia. Kwa hiyo katika miaka hiyo Mzungu na Mwafrika waliwinda tembo kwa kanuni moja ya baruti. Kilichowatenga kilikuja baadaye, tena hakikuwa ujasiri.

Mstari uliochorwa Brussels

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Miongoni mwa vifungu vyake vilikuwamo vya silaha: uingizaji wa bunduki na risasi ulikatazwa katika ukanda wa Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ila kwa ruhusa maalumu. Msafiri mwenye kibali aliweza kuingia na bunduki ya kisasa kwa ajili ya kujilinda. Kwa biashara ya kawaida, kilichoruhusiwa ni bunduki ya gumegume yenye kasiba laini, isiyo na mifuo ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara.

Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, kwani misafara ya watumwa ilitegemea bunduki. Wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, uliosimuliwa kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, unaonyesha hayo waziwazi. Hata lakabu yake ya Tippu Tip aliieleza kuwa imetokana na mlio wa bunduki zake. Kaskazini, wafanyabiashara wa Khartoum waliojenga zariba zao kando ya Nile tangu miaka ya 1850 walichanganya pembe na watumwa katika msafara mmoja. Lakini athari ya kifungu cha Brussels ilikuwa kugawanya watu kwa vizazi vya teknolojia. Mwafrika aliruhusiwa silaha ambayo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuiacha tangu kabla ya nusu ya karne hiyo.

Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa sheria hulipita haraka. Mkataba ulitenganisha gumegume na fataki: ya kwanza iliruhusiwa sokoni, ya pili haikutajwa katika msamaha huo. Lugha ya watumiaji iliziweka zote mbili katika gobori, kwa sababu kazi yao porini ilikuwa ileile. Utawala wenyewe haukuuheshimu mstari wake. Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa miongoni mwa waliotia saini mkataba huo, iliwagawia machifu wa Azande bunduki za fataki ili wailetee pembe. Kwa hiyo gobori ilikatazwa au kuruhusiwa kwa kutazama pembe zinaelekea wapi.

Lado, 1889–1914

Silaha katika nchi ya magharibi mwa Nile hazikuanza na Wabelgiji. Emin Pasha alikuwa na makao Wadelai kwa niaba ya Misri, na alipoondoka mwaka 1889 pamoja na Stanley, sehemu kubwa ya askari wake wa Kisudani walibaki na bunduki zao. Baadhi yao, chini ya Fadl el-Mula, waliingia katika utumishi wa Kongo mwaka 1892. Wengine, chini ya Selim Bey, walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 kwenda kuitumikia Kampuni ya Kiingereza Uganda. Kutoka kwa hao na familia zao ndiyo jamii ya Wanubi, na lugha yao ya Kinubi, ambayo hadi leo inasikika Arua na Koboko. Walugbara wenyewe walikuwa watu wa upinde na mshale, na bunduki waliijua kwanza kama kitu kinachokuja kwao kutoka nje, mikononi mwa wavamizi na watoza pembe.

Mkataba wa London wa tarehe 19 Mei 1900 kuhusu wanyama wa Afrika uliongeza mstari mwingine. Pembe za chini ya kilo 5 zilipaswa kutaifishwa, na matumizi ya nyavu na mashimo yalipaswa kuzuiwa. Njia ya Mwafrika asiye na bunduki ikafungwa kwa mkataba huu, na njia ya mwenye bunduki ikafungwa kwa gharama. Katika Afrika Mashariki ya Kiingereza leseni ya mwindaji mgeni ilifikia rupia 750, sawa na pauni 50. Mkataba wa Buganda wa mwaka huohuo wa 1900 ulitoza kila mwenye bunduki rupia 3 kwa mwaka, kiasi sawa na kodi ya nyumba. Gobori kuukuu ikalipiwa sawa na paa la familia.

Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Mkataba ulimpa eneo kwa uhai wake, hivyo lilipaswa kurudi kwa Waingereza, na makabidhiano kwa Sudan yalifanyika Juni 1910. Utawala ulipokuwa ukilegea, wawindaji wa Kizungu walivuka Nile na kuua tembo bila kibali cha mtu. W. D. M. Bell na John Boyes ni miongoni mwa walioandika habari za Lado, Bell katika kitabu chake cha 1923 na Boyes katika kile cha 1928. Bell, aliyeanza safari zake za Karamoja kutoka Mumias mwaka 1902, alihesabu zaidi ya tembo 1,000 katika maisha yake. Silaha aliyoipenda ilikuwa ya milimita 7, yenye risasi ndogo iliyovikwa chuma kigumu, iliyopenya mfupa ule ambao popoo ya gobori hubonyea juu yake. Umahiri wake haukanushiki. Alisoma fuvu la tembo kama daktari. Hata hivyo umahiri huo usingewezekana kwa silaha ambayo Brussels ilimruhusu mwenyeji.

Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi mwaka uliotangulia, alipiga kambi ukingoni mwa Nile akitafuta kifaru mweupe. Yeye na mwanawe Kermit waliua tisa. Mahali hapo panaitwa Rhino Camp hadi leo, ingawa kifaru mweupe alitoweka Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kiswahili cha leo kina neno kwa waliovuka mto bila kibali: majangili. Neno hilo, lenye asili katika lugha za Kihindi na linalohusiana na pori, halikuwafuata Bell na wenzake katika maandishi. Walibaki kuwa wawindaji. Lilikaa badala yake juu ya mwanakijiji mwenye gobori, hasa baada ya kusini mwa Lado kuingizwa Uganda mwaka 1914, A. E. Weatherhead alipoanzisha utawala Arua. Katika miaka ya 1920 idara ya wanyama, ambayo Charles Pitman aliiongoza kuanzia 1925, iliua mamia ya tembo kwa mwaka nchini Uganda kwa hoja ya kulinda mashamba. Tendo likawa halali kwa sababu ya nani alikuwa na silaha gani na kwa idhini ya nani.

Gobole katika sheria za leo

Taarifa za polisi nchini Tanzania hutaja mara kwa mara silaha aina ya gobole. Kinachokusudiwa mara nyingi si bunduki ya gumegume iliyorithiwa, bali bunduki iliyoundwa na fundi wa kijijini kutokana na bomba la chuma. Neno limehama kutoka kwa bidhaa ya biashara ya karne ya 19 hadi kwa silaha ya kienyeji ya karne ya 21, likabeba vyote viwili bila kuvitenganisha.

Hili lina uzito kwa watunga sera. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha haizihesabu silaha za kale kuwa sawa na nyingine, lakini inaweka sharti kwamba iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 inazibana nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuhusu uwekaji alama na kumbukumbu za silaha. Uganda, ambayo Katiba yake tangu 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na ambayo mpaka wake wa Koboko unagusa Kongo na Sudan Kusini, itahitaji kuandika maagizo hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka na askari, mfugaji na mkimbizi kwa pamoja.

Maneno yapo tayari. Gumegume na fataki zinatosha kutaja silaha za kale kwa jinsi zinavyowashwa, na hazihitaji kubuniwa. Gobori ibaki kuwa jina la jumla la bunduki yoyote ya kushindilia, na iliyoundwa na fundi iitwe hivyo, gobori ya kienyeji, pamoja na mwaka unaokadiriwa wa kuundwa kwake. Fomu ya kusalimisha silaha kwa hiari yenye mstari mmoja tu wa gobole humweka mzee mwenye gumegume ya babu yake, ambayo mtambo wake umeota kutu, katika daraja moja na aliyechomelea bomba mwezi uliopita ili akamsubiri tembo mtoni.