Serveri ikilia usiku, nani anasikia? Namna ya kuunganisha mutambo wa ulinzi na grupu ya simu

Katika muji wa Goma, kazi nyingi leo zinategemea serveri: ordinateri moja yenye haizimwi, imewekwa ndani ya chumba kidogo pamoja na batri na modemu. Hospitali iko nayo kwa faili za wagonjwa, kooperative ya akiba kwa konti za wanamemba, redio kwa matangazo, chuo kikuu kwa pointi za wanafunzi. Ikizimika saa nane za usiku, mara nyingi hakuna mutu anajua mupaka asubui, wakati mama wa kwanza anafika ku giche na kuambiwa «sisteme haitembei».

Dawa ya shida hiyo haiko ngumu na haiombi pesa nyingi. Ni kuunganisha vitu viwili ambavyo ofisi nyingi ziko navyo tayari, ao zinaweza kuvipata bure: mutambo wa kulinda mashine, na grupu ambamo watu wa kazi wanaandikiana.

Mutambo wa ulinzi ni programu inayozunguka kila dakika na kuuliza kila mashine maswali yale yale. Uko hai? Diski imejaa kiasi gani? Joto ngapi? Batri imebaki na volti ngapi? Intaneti inapita? Zenye kujulikana sana ni Nagios, iliyoanza mwaka 1999, Zabbix, iliyotoka inchini Latvia na kutolewa kwa watu wote mwaka 2001, na Prometheus, iliyoanza mwaka 2012 ndani ya kampuni ya muziki SoundCloud. Zote zinaweza kuchukuliwa na kutumiwa bila kulipa. Ila majibu yake yanaonekana ku skrini, na skrini iko ofisini, wakati fundi iko nyumbani kwake Ndosho ao Majengo, amelala. Simu yake njo iko karibu na kichwa.

Kile ambacho Nyiragongo ilionyesha

Wakaaji wa Goma wanajua kuliko wengi maana ya mutambo unaolinda usiku na muchana. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kinafanya kazi tangu mwaka 1986. Mashine zake za kupima mutetemeko ziko kuzunguka Nyiragongo na Nyamulagira, zinatumia batri na plake za jua, na zinatuma vipimo vyake kwa mawimbi na intaneti mupaka mujini. Tangu miaka ya 2010 sehemu kubwa ya mashine hizo ni ya mutandao unaoitwa KivuSNet, uliojengwa pamoja na watafiti wa Luxembourg na Ubelgiji, ambao nao wanaona vipimo vile vile kwa wakati ule ule.

Mwisho wa mwaka 2020, musaada wa pesa uliopita kwa Benki ya Dunia ulikwisha. Kituo kikakosa hata pesa ya kulipa intaneti ya kuunganisha mashine za mbali, na hali hiyo ikaendelea miezi kadhaa, mupaka Aprili 2021. Mashine zilikuwa mulimani, lakini habari haikufika kwa mutu kwa wakati wake.

Siku ya posho tarehe 22 Mei 2021, jioni, mulima ukapasuka. Lava ilikata barabara ya kwenda Rutshuru, ikala maelfu ya nyumba upande wa Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa. Siku tano nyuma yake, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru kartie 10 kati ya 18 za muji zihame, na barabara za kwenda Sake na Gisenyi zikajaa watu na matela juu ya kichwa.

Ni haki kusema pia kwamba intaneti peke yake haingezuia janga. Intaneti ilikuwa imerudi wiki kadhaa mbele ya mulipuko, na utafiti uliotolewa ndani ya gazeti la sayansi Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba mulima haukutoa dalili wazi mapema. Mashine zilianza kuonyesha mabadiliko chini ya saa moja mbele ya lava kutoka. Lakini hapo njo somo kwa mutu yeyote mwenye kusimamia mashine. Kama onyo ni la dakika makumi tu, tena siku ya posho jioni, halifai kungojea mutu apite mbele ya skrini. Linapaswa kumufuata mutu pale alipo.

Namna mutambo unavyoandika ku grupu

Njia inayotumiwa sana inaitwa webuhuku. Ni adresi ya siri ku intaneti, mufano wa sanduku la posta lenye mulango mumoja. Mutambo wa ulinzi ukiona kosa, unatuma maneno mafupi kwa adresi hiyo, na programu ya grupu inayatoa mbele ya wote, vile mutu mumoja wa timu angeandika. Slack na Mattermost zinafanya hivyo. Telegram inatumia njia ya karibu: tangu mwaka 2015 inaruhusu «boti», ni kusema konti isiyo ya mutu, inayoongozwa na mashine.

WhatsApp, ambayo kila mutu wa Goma iko nayo, kwa bahati mbaya njo ngumu zaidi. Kwa mashine kuandika humo kiharali, kampuni inapaswa kupitia huduma ya biashara yenye masharti na malipo. Wapo mafundi wanaotumia njia za pembeni; siku moja namba inafungwa, na grupu inabaki kimya bila mutu kujua sababu. Kwa hiyo timu nyingi ndogo zinachagua Telegram.

Kwa Zabbix na Telegram, kazi inakwenda hivi. Fundi anafungua Telegram, anatafuta konti rasmi inayoitwa BotFather, anaomba boti mupya na kuipa jina. Anapewa tokeni, mustari murefu wa herufi na namba. Hiyo njo ufunguo. Kisha anafungua grupu ya watu wa kazi na kuingiza boti ndani. Kila grupu iko na namba yake, inayoanza na alama ya kutoa. Ndani ya Zabbix aina ya ujumbe wa Telegram imekwisha kutayarishwa na wenye programu: fundi anaweka tokeni, anaandika namba ya grupu kama mahali pa kutuma, kisha anatunga kanuni: kosa la ngazi fulani likitokea, tuma. Kuna kitufe cha kujaribu. Kama yote iko sawa, maneno yanatokea ku simu ndani ya sekunde chache. Ujumbe mumoja ni maandishi matupu, haukuli mega za mutu.

Kuna mutego mumoja hapa unaosumbua mafundi wengi. Grupu ya Telegram ikikua, ao ikibadilishwa mipangilio fulani, inageuka «grupu kubwa» na namba yake inabadilika, inaanza na -100. Boti inaendelea kutuma kwa namba ya zamani, na hakuna mutu anapata kitu. Inafaa kuifanya grupu kubwa tangu siku ya kwanza, kisha kuchukua namba.

Maneno gani yaandikwe? Ujumbe wenye kusema tu «PROBLEM: host down» unafaa kwa fundi aliyeweka mutambo, si kwa kijana wa zamu. Ujumbe muzuri unasema ni mashine gani, iko wapi, kosa limeanza saa ngapi, na hatua ya kwanza ni ipi: «Serveri ya giche, Birere, haijibu tangu 02:14. Angalia kwanza kama umeme uko. Ufunguo uko kwa mulinzi.» Kosa likiisha, mutambo uandike tena kwamba limekwisha. Na mutu anayechukua kazi ajibu ndani ya grupu «niko nayo», juu watu watatu wasipande moto usiku kwa kosa moja, ao wote watatu wasilale kila mumoja akifikiri mwenzake amekwenda.

Kelele

Mutambo mupya unapiga kelele vile mutoto muchanga. Wiki ya kwanza grupu inapokea ujumbe mamoja, wiki ya pili watu wanazima sauti, na kutoka hapo mutambo ni kama hauko tena. Ndani ya muji ambamo umeme unakatika na kurudi mara kwa mara, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Basi kosa lingojee dakika 5 mbele ya kutangazwa. Kama modemu imekufa, mashine 20 zilizo nyuma yake zisilie kila moja. Modemu peke yake itajwe. Telegram yenyewe inaweka kipimo cha ujumbe kama 20 kwa dakika ndani ya grupu moja, kwa hiyo mvua ya ujumbe inaweza kuchelewesha ule mumoja wa maana.

Zabbix iko na ngazi 6 za ukubwa wa kosa. OVG, kwa wakaaji, iko na rangi 4: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Rangi 4 zinashikwa vizuri kuliko ngazi 6, na timu ndogo inaweza kufanya hata na mbili: ile ya kungojea asubui, na ile ya kuamusha mutu.

Mulinzi akifungiwa ndani ya nyumba inayoungua

Mutambo ulio ndani ya chumba kile kile, unaokula umeme ule ule na kupitia intaneti ile ile, hauwezi kutangaza kifo chake mwenyewe. Umeme ukikatika na batri ikiisha, serveri inazimika, mutambo unazimika, grupu inabaki tulivu. Fundi anaamka, anaona hakuna ujumbe, anakunywa chai yake kwa amani.

Mwisho wa Januari 2025, wakati wa mapigano yaliyoingiza M23 mujini, sehemu kubwa ya Goma ilikosa umeme, maji na intaneti kwa siku kadhaa. Hakuna boti ingeweza kuandika kutoka ndani. Kwa hali kama hiyo njia ni kugeuza mambo: mutambo wa Goma unatuma «niko hai» kila dakika 5 kwa mashine nyingine iliyo mbali, mufano Bukavu, Kampala ao kwa huduma ya kukodi inje ya inchi. Ile ya mbali isiposikia kitu kwa dakika 15, yenyewe njo inaandika ku grupu.

Kwa ofisi ambayo intaneti inakatika lakini rezo ya simu inabaki, modemu ndogo yenye kadi ya SIM inaweza kutuma SMS. Unite zake zinunuliwe na mutu anayejulikana, na ziangaliwe, juu kadi isiyo na unite ni pambo. Kuna pia Mattermost, inayoweza kuwekwa ku serveri ya ofisi yenyewe: intaneti ikikufa, walio ndani ya jengo wanaendelea kuandikiana kwa Wi-Fi. Na kama hata rezo ya simu inakufa, sirene ndogo ndani ya kibanda cha mulinzi inabaki kufanya kazi yake.

Ufunguo na siri

Tokeni haipaswi kuandikwa ndani ya grupu, wala kupigwa picha. Mwenye kuipata anaweza kuandika uongo kwa jina la mutambo. Grupu za Telegram hazifungwi kwa namna ya kuwaficha wenye Telegram wenyewe yale yanayoandikwa, kwa hiyo adresi za mashine, majina ya wagonjwa ao hesabu za wanamemba visipite humo. Mutu akiacha kazi, anatolewa ku grupu siku ile ile. Na ujumbe wa ndani usitupwe ku grupu za kartie: mustari mumoja wa mashine, ukikatwa na kusambazwa bila maelezo, ndani ya Goma unaweza kufunga soko.

Mbele ya kusema kazi imekwisha, mafundi wanafanya jaribio moja, na wanalirudilia kila mwezi. Siku ya kazi, saa ine asubui, bila kuonya timu, wanachomoa kamba ya intaneti ya serveri moja isiyo ya hatari, wanaangalia saa, na wanangojea kuona ni simu ya nani italia kwanza, na nyuma ya dakika ngapi.